Mvinje na Jongoo katika Timbo la Bamburi

Msafiri atokaye Kisiwa cha Mombasa kwa njia ya daraja la Nyali, akaelekea kaskazini kwa barabara iendayo Malindi, hupita Kongowea na Nyali, kisha hufika Bamburi. Mkono wake wa kulia, nyuma ya mahoteli, iko bahari. Mkono wake wa kushoto huona minara ya kiwanda cha saruji, na karibu nayo msitu wa miti mirefu yenye majani membamba kama sindano, ambayo upepo wa kusi ukivuma hutoa sauti mfano wa mawimbi yanayovunjika mbali. Mgeni asiyeambiwa hudhani kuwa miti hiyo ni mabaki ya msitu wa kale ulioponea shoka na matinga. Sivyo. Mwaka 1970 hapakuwa na msitu mahali hapo, wala hapakuwa na udongo wa kuoteshea hata shina la mchicha. Palikuwa na shimo.

Historia ya shimo hilo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni habari za jinsi lilivyochimbwa, na ya pili ni habari za jinsi lilivyovikwa. Wasimulizi wengi hupenda kuanza na ya pili, kwa kuwa ni tamu na huwapendeza wageni. Huanza na jangwa wakamaliza kwa pepo. Lakini aliyeivua nchi nguo yake na aliyeivika mpya walikuwa katika nyumba moja, na mtu asiyejua ile ya kwanza ilivuliwaje hawezi kuipima thamani ile ya pili.

Jiwe la Bamburi ni bahari iliyokufa. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita maji yalikuwa juu kuliko yalivyo leo, na katika maji hayo ya vuguvugu matumbawe yalijijengea mwamba kama yanavyojijengea hata sasa mbele ya fuo za Mombasa. Bahari ikashuka, mwamba ukabaki nchi kavu, ukawa jiwe la chokaa lenye matundu, ambalo ndani yake makombe na matawi ya matumbawe yaonekana kwa macho bila ya msaada wa darubini. Watu wa pwani wamejenga miji yao juu ya jiwe hilo, na kwa jiwe hilo hilo.

Mafundi wa zamani walijua kuyatenga mawe yao. Liko tumbawe lililokatwa baharini, ambalo lingali bichi ni laini, likakubali kuchongwa kuwa kizingiti au kidaka, kisha likakauka na kuwa gumu. Liko na jiwe la nchi kavu, kaidi kwa patasi, lifaalo kupangwa ukutani na kuunganishwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe haikuwa ila jiwe hilo lililopita motoni. Magogo yalipangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, tanuu ikawashwa, na majivu meupe yaliyobaki yakaachwa yanyeshewe na mvua mpaka yakaiva. Kuta za Gedi zilisimamishwa hivyo, na nyumba za Lamu na Pate vile vile. Wareno nao, walipoanza mwaka 1593 kuijenga ngome ambayo vitabu huiita Fort Jesus na wenyeji huiita Ngomeni, hawakupata haja ya kuagiza mawe ng'ambo: handaki lake la upande wa bara lilichongwa katika mwamba ule ule uliobeba kuta zake. Yaweza kusemwa kwamba Mombasa ni mji uliojengwa kwa nyama ya mwili wake.

Walakini katika siku hizo kipimo cha kuchimba kilikuwa ni mtaimbo, kikapu na kichwa cha mchukuzi. Shimo la fundi wa chokaa lilikuwa dogo. Akiliacha, mvua mbili tatu hulitupia majani, ndege hulitupia mbegu, na baada ya kizazi kimoja mjukuu wake hupita hapo asijue kwamba babu alichimba. Ardhi ilikuwa na nafasi ya kujitibu. Iliyobadilisha hali hii ni saruji.

Saruji tuijuayo leo ilipata hati yake ya ubunifu Uingereza mwaka 1824, mikononi mwa Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, aliyeipa jina la Portland kwa kufananisha rangi yake na jiwe la mahali hapo. Katika matanuri ya leo jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, huchomwa kwa joto la kufikia nyuzi 1,450 hivi, na kinachotoka husagwa tena kuwa unga. Msomaji aliyezoea kuiona saruji ndani ya mfuko hana budi kukumbuka hesabu moja ya kikemia, kwa maana itamfaa mbele: katika kila tani 100 za chokaa safi inayotiwa motoni, tani 56 tu hubaki tanurini, na tani 44 hupanda hewani kuwa gesi ya kaboni. Karibu nusu ya jiwe haijengi nyumba ya mtu yeyote.

Kampuni ya saruji ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, kwa juhudi za Felix Mandl wa kampuni ya Cementia ya Zurich, na kiwanda kikaanza kazi mwaka 1954 kikiwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Mahali palichaguliwa kwa akili. Jiwe lilikuwa juu ya ardhi, likingoja. Bandari ya Kilindini ilikuwa karibu. Na reli ilipanda kutoka Mombasa hata Uganda. Miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa ni miaka ya kujenga, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 hamu ya kujenga ikazidi maradufu, kwa kuwa taifa changa lilitaka shule, hospitali, madaraja na ofisi, na kila moja ya hizo ilidai mifuko yake. Si haki, basi, kulitazama timbo la Bamburi kana kwamba lilichimbwa na tamaa ya wageni peke yao. Wageni walipata faida, hilo halina mjadala. Lakini mawe yaliyotoka humo yalipanda yakawa kuta ambazo wananchi walizililia na ambazo wamo ndani yake mpaka leo. Kila mji una shimo lake mahali fulani, hata kama wakazi wake hawalijui.

Shimo hili lilikua upesi. Kwanza udongo wa juu na kichaka chake viliondolewa. Kisha baruti ikapasua mwamba, na mitambo ikazoa. Wachimbaji waliteremka mpaka karibu na maji yaliyomo chini ya ardhi, ambayo kwa sababu ya ujirani wa bahari yana chumvi, wakakomea hapo. Kisha wakapanua kwa upana kile wasichoweza tena kukipata kwa kina. Kilichobaki nyuma yao kilikuwa ni sakafu nyeupe ya jiwe, imezungukwa na kuta za jiwe, jua la mchana likiipiga na kurudi usoni mwa mtu kama linavyorudi kwenye bati jipya. Mbegu iliyoanguka hapo ilikufa kwa joto kabla ya kufa kwa kiu.

Sheria ya Kenya ya kusimamia mazingira, ambayo ndani yake imo amri ya kumtaka mharibifu airudishie ardhi hali yake, ilitungwa mwaka 1999. Kazi ya kulivika timbo la Bamburi ilianza mwaka 1971, yaani miaka 28 kabla yake. Jambo hili latajwa mapema kwa sababu ndilo sifa kubwa ya kazi hiyo, na baadaye itaonekana kuwa ndilo pia kasoro yake.

Aliyeikabili kazi alikuwa René Haller, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1933, mtaalamu wa bustani na kilimo cha nchi za joto, ambaye kampuni ilimwajiri mwaka 1959 asimamie bustani zake na mazao ya chakula cha wafanyakazi. Alikuwa mtunza bustani, tena mtunza bustani wa kiwanda. Cheo hicho si kikubwa, na pengine udogo wake ndio uliomfaa. Mhandisi angalifikiri habari ya kulijaza shimo. Mtunza bustani alifikiri habari ya mti gani utakubali kuishi humo.

Basi walijaribu miti ya aina 26. Walitoboa matundu katika sakafu ya jiwe, wakapanda, wakamwagilia, wakangoja. Aina 23 zilishindwa. Zilizosalia zilikuwa tatu tu: mnazi, ambao haushangazi mtu wa pwani, mti mmoja wa nchi ya Somalia uitwao damas, ambao wataalamu huuita Conocarpus lancifolius, na mvinje. Katika simulizi za kawaida hesabu hii hutajwa kwa haraka, kama ngazi ya kupandia kwenye ushindi. Yastahili kusimamiwa kidogo. Aina 23 kati ya 26 ni kushindwa karibu kote. Na mtu aliyepewa fedha za mwaka mmoja tu, akatakiwa alete taarifa ya mafanikio mwisho wa mwaka, angaliandika ya kwamba mahali hapo hapaoti kitu, na hakuna ambaye angalimkanusha.

Mvinje ndio uliobeba kazi. Mti huu wajulikana na kila mvuvi, kwa kuwa huota mchangani mpaka mawimbi yakaosha mizizi yake, na watu wa pwani huutumia kwa nguzo, fito na kuni. Zile sindano zake, kwa kweli, si majani bali ni vitawi vyembamba. Majani yenyewe ni magamba madogo sana yaliyozunguka viungo vya vitawi hivyo, na ndiyo maana mti haupotezi maji mengi kwa jua. Huvumilia chumvi. Na mizizini mwake una vinundu ambamo hukaa vijidudu viitwavyo Frankia, vinavyoikamata naitrojeni iliyomo hewani na kuugawia mti, ukawa kama mpangaji anayejilipia kodi kwa kazi ya mikono yake. Mti wa namna hiyo hauhitaji udongo wenye rutuba ili uanze maisha. Huhitaji ufa wa kuingiza mzizi, na maji yaliyo mbali kidogo chini yake, hata yakiwa ya chumvi. Navyo vyote viwili vilikuwako Bamburi.

Miti ikapanda. Mtu angalidhani kuwa mambo yamekwisha hapo, na kama yangalikwisha hapo pangalikuwa leo na shamba la nguzo, si bustani. Maana ulizuka msiba mwingine, nao ulitoka katika mti wenyewe. Mvinje hudondosha sindano mwaka mzima, na sindano hizo zina dawa kali ya jamii ile itumiwayo kusindikia ngozi, ambayo vijidudu vya kuozesha haviiwezi. Zilianguka zisioze. Zikarundikana juu ya jiwe, kavu na kahawia, mwezi juu ya mwezi, na rutuba yote ambayo mti uliichuma hewani ikafungiwa humo kama fedha iliyofukiwa na bahili. Kulikuwa na miti bila ya udongo. Chini ya kivuli kile hakuna mbegu nyingine iliyoweza kuota, na mvinje wenyewe usingeweza kurithiwa.

Jawabu lilipatikana kwa kuinama. Yuko jongoo mkubwa wa pwani, mweusi wa mwili na mwekundu wa miguu, ambaye kila mtoto wa Mombasa amemchokoa kwa kijiti ili amwone akijikunja. Hutoka kwa wingi wakati wa mvua, huingia majumbani bila ya adabu, na huondolewa kwa ufagio. Ikaonekana kwamba kiumbe huyu hula sindano za mvinje. Huzitafuna, huzipitisha tumboni, na kinachotoka nyuma yake ni vidonge vidogo vyeusi ambavyo bakteria na kuvu huviweza kwa urahisi, kwa sababu kazi ngumu ya kuvunja imekwisha kufanyika. Majongoo wakaokotwa kwa mamia, wakaletwa timboni, wakaachiwa. Walikuta chakula kisicho na mshindani; wakala, wakazaa, na watoto wao wakala. Tabaka jeusi likaanza kuonekana chini ya tabaka la kahawia. Katika tabaka hilo zilipandwa mbegu nyingine, na nyingine zikaja zenyewe kwa upepo na kwa matumbo ya ndege.

Hicho ndicho kiini cha habari nzima ya Bamburi, na kila kilichofuata ni matawi yake. Ili thamani yake ipimwe sawasawa, yafaa ilinganishwe na bustani nyingine iliyozaliwa timboni, ambayo ni kongwe kuliko hii kwa zaidi ya miaka mia.

Mji wa Paris ulijengwa kwa plasta kwa kadiri ile ile Mombasa ulivyojengwa kwa chokaa, na plasta hiyo ilitoka katika matimbo ya jasi yaliyokuwa kandokando ya mji. Mojawapo, mahali paitwapo Buttes-Chaumont, palikwisha kuchimbwa mpaka pakawa magofu ya vilima, jaa la takataka na machinjio ya farasi wazee. Zama za Napoleon wa Tatu, alipokuwa Haussmann akiupasua mji ule na kuupanga upya, mhandisi Alphand alipewa amri ya kuligeuza jaa hilo kuwa bustani. Kazi ilianza mwaka 1864 na bustani ikafunguliwa tarehe 1 Aprili 1867, katika mwaka wa maonyesho makubwa ya mataifa. Baruti ilitumika tena katika timbo, safari hii kwa kuchonga majabali yapendeze macho. Na udongo? Udongo uliletwa kwa gari la moshi: meta za ujazo 200,000 za udongo mzuri uliotolewa mahali pengine ukamwagwa juu ya jeraha.

Hizo ni njia mbili za kutibu, na kila moja ina hesabu yake. Paris ilimaliza katika miaka mitatu, kwa fedha za dola na kwa udongo wa watu wengine. Bamburi ilitumia miaka mingi, fedha kidogo, na haikumpokonya mtu udongo wake. Iliufanya udongo mahali pasipokuwa na udongo, kwa hewa, mti na mdudu. Nchi maskini yenye matimbo mengi haiwezi kuiga ile ya kwanza hata ikitaka. Ya pili yaweza kuigwa na yeyote mwenye subira. Kwa kipimo hicho kazi ya mtunza bustani wa kiwanda ni kubwa kuliko ya mhandisi wa mfalme.

Lakini kuna mlango. Buttes-Chaumont ilifanywa na serikali, ikawa mali ya mji. Mparisi mwenye fedha na asiye nazo huingia kwa miguu yake na kuketi majanini bila ya kuulizwa. Bustani ya Bamburi ilifanywa na kampuni katika ardhi ya kampuni. Ilifunguliwa kwa watazamaji mwaka 1984, baadaye ikapewa jina la Haller, na mlangoni hulipwa kiingilio. Haikuwa vibaya kulipisha. Wanyama hawali shukrani. Hata hivyo, bustani ya umma na bustani iliyo wazi kwa umma ni vitu viwili, na tofauti yao haionekani mpaka siku mwenyewe atakapobadilisha nia.

Habari za wanyama zajulikana na wengi, wala hazidai maneno mengi. Mashimo yaliyofikia maji yaligeuzwa mabwawa, wakafugwa perege, wakafuatia mamba na viboko. Majani yalipoota waliletwa pofu na choroa, na baadaye twiga ambao wageni huwalisha kwa mkono. Desemba 2004 mto Sabaki ulikuwa umefurika na kuwasukuma viboko mpaka baharini, na yalipofika mawimbi makubwa ya tarehe 26 mwezi huo, mtoto mmoja wa kiboko alikwama peke yake mwambani karibu na Malindi. Watu walimwokoa kwa nyavu, akaletwa Bamburi, na humo akamfanya kobe mkubwa wa Aldabra, aitwaye Mzee, mfano wa mama yake. Kiboko huyo, Owen, na kobe wake walisomwa na watoto wa dunia nzima. Ni kisa kizuri na ni cha kweli. Walakini kimefanya dhuluma moja: maelfu waliokuja kumtazama kiboko na kobe walimkanyaga njiani mwenyeji aliyeijenga nyumba.

Na wako wenyeji wengine waliokanyagwa. Mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimweka Haller katika orodha yake ya heshima ya watu 500, na mwaka 1994 yeye na mwenziwe Sabine Baer walitoa kitabu cha kueleza jangwa lilivyogeuka kuwa pepo. Heshima hiyo aliistahili. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na simulizi ya bustani hii, kwa kuwa imesimuliwa sana na kampuni na wageni wake, imekuwa ni simulizi ya mtu mmoja. Timbo halitobolewi kwa fikra. Kila tundu lililopokea mche lilitobolewa na mikono. Kila ndoo ya maji ilibebwa. Kila jongoo aliyefika timboni aliokotwa na mtu aliyejua, tangu utoto wake, ni wapi jongoo hupatikana baada ya mvua. Maarifa ya mwisho hayo hayakutoka Uswisi. Wafanyakazi waliochimba shimo mchana na wenzao waliolivika walitoka katika vijiji vile vile vya Bamburi, Mtopanga na Kisauni, na pengine katika nyumba moja. Ubao wa mlangoni una jina moja.

Neno lile "pepo" nalo lataka kuangaliwa. Pepo hupewa mtu tayari. Bamburi ilifanyizwa, na ingali yafanyizwa. Tena pepo haina hesabu ya kulipa, na hapa iko. Jiwe lililotoka halirudi. Matumbawe yaliyolijenga yalitumia maelfu ya miaka, na yale yaliyo hai leo mbele ya pwani yana shida zao wenyewe, maana bahari imepata joto kuliko yanavyolizoea. Zile tani 44 katika kila 100 zilizopanda kutoka tanurini hazikurudishwa na mvinje wa timboni, wala haziwezi kurudishwa nao, hata upandwe shimo zima na kingo zake. Msitu wa Bamburi ni malipo ya sehemu ya deni. Kumsifu mdeni kwa sehemu aliyolipa si kosa, maadamu sehemu iliyobaki haifutwi daftarini kwa sababu ya sifa.

Kiwanda chenyewe kimepita mikononi mwa wengi. Cementia iliyokiasisi ilichukuliwa na Lafarge ya Ufaransa mwaka 1989; Lafarge ikaungana na Holcim ya Uswisi mwaka 2015; na mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Bamburi ikanunuliwa na Amsons ya Tanzania. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1951 mwenye timbo ni mtu wa Afrika ya Mashariki, na wako waliofurahi kwa sababu hiyo, nao wana haki. Kila mara mkataba wa namna hiyo unapotiwa sahihi, pamoja na matanuri, magari na magunia, huhama pia msitu, na mabwawa, na majongoo. Kazi iliyoanza pasipo sheria ya kuilazimisha ilitegemea hiari ya mwenyewe, na kitu kilichoanza kwa hiari ya mwenyewe hudumu kwa hiari yake. Mnunuzi mwema hukitunza. Mnunuzi mwingine huona ekari za ardhi tambarare pembeni mwa barabara kuu, katika mji ambao tangu daraja jipya la Nyali lifunguliwe mwaka 1980 haujaacha kusogea upande huo.

Wakati huo huo, kusini na kaskazini mwa Mombasa yako matimbo ya matofali ya mawe yaliyochimbwa na wachimbaji wadogo wasio na bustani wala mtunza bustani. Humo jiwe lilikatwa kwa msumeno, likapakiwa, likaenda kuwa nyumba za kupanga. Mchimbaji akahama, na mvua ikatuama. Watoto huogelea humo, na mbu huzaana. Hayakuachwa hivyo kwa kukosa maarifa, kwa sababu maarifa yako umbali mfupi kwa matatu, nayo yametimiza zaidi ya miaka hamsini. Mvinje ni rahisi kuotesha, na jongoo hana bei. Kinachokosekana ni mtu wa kungoja, na mtu wa kumlipa anayengoja. Ile sheria ya mwaka 1999 humtaja mharibifu kwa umoja, kana kwamba ana jina na anwani. Mchimbaji wa mawe mara nyingi ni mwenye shamba aliyeuza jiwe lake kwa ada ya shule, na siku ya kutafutwa hana fedha ya kurudisha wala udongo wa kurudishia.

Katika bustani ya Haller njia zimepita katikati ya miti, na kandokando yake ukuta wa timbo ungali wima, mweupe pale ulipopasuliwa na mweusi pale ulipoota kuvu. Makombe ya bahari ya kale yamo ndani yake. Chini ya mvinje, mwanafunzi akiikwangua ardhi kwa kijiti, hukuta kwanza sindano kavu. Kisha vidonge vyeusi vya jongoo. Kisha udongo laini unaonukia mvua, uliojaa vijizizi vyeupe. Kijiti hakiendi mbali. Punde kidogo ncha yake hugonga jiwe.